Gari la hema la paa, Watamu hadi Malindi: friji imeniudhi

Nyota mbili, na hizo ni za injini. Kampuni siitaji, ila anayetaka kukodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa kwa mizunguko ya Pwani ya Kenya asome habari ya friji kabla hajalipa amana.

Gari lenyewe halina neno. Barabara ya vumbi ya Marafa, kwenda kuyaona makorongo mekundu ya Nyari, lilipita bila kulalamika. Hema halivuji, godoro lina unene wa kutosha. Kilichoharibu kila kitu ni betri ya pili, ile ya nyuma inayolisha friji na taa. Nguru mzima, mbichi kabisa, ameishia jalalani.

Nilipopiga simu, jibu la ofisini: "Dada, hiyo friji ni ya soda, si ya samaki." Ya soda! Tangazo lao wenyewe lina picha ya kamba waliojaa ndani ya friji hiyo hiyo. Halafu kijana akaongeza kwamba wateja "wanafungua mlango ovyo". Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Sasa hesabu, maana wao hawakupiga. Friji ya kompresa ya volti 12 hula kama ampea 4 kompresa inapozunguka. Kwa joto la pwani huzunguka zaidi ya nusu ya muda, kwa hiyo siku nzima inamaliza ampea-saa (ampea mara saa za kuzunguka) 50 na ushei. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 unaruhusiwa kutumia nusu tu. Ukiishusha zaidi unaiua. Yaani ni siku moja, basi, kama haichajiwi. Safari ya mbugani unaendesha saa sita, alteneta, ile dinamo ya injini, inaijaza. Pwani ni kusimama kila mara: Watamu hadi Gede ni kilomita chache, Gede hadi Malindi haifiki nusu saa. Jumlisha zote, injini haijawaka hata saa mbili.

Na Gede ndiyo mbaya kuliko zote. Magofu ya mji huo wa kale yako ndani ya msitu, hivyo paneli ya sola iliyo juu ya paa inapata kivuli, na kivuli kidogo tu kinaweza kuikata sehemu kubwa ya nguvu. Kima wa pale hawaachi kitu, kwa hiyo vioo lazima vipandishwe. Vioo vikifungwa, ndani kunakuwa tanuri na friji haipumziki. Usije ukaikimbia ziara kwa ajili hiyo lakini. Msikiti mkuu, jumba la mfalme na lile kaburi lenye mwaka wa Hijria unaolingana na 1399 vinataka saa mbili za utulivu. UNESCO wameuweka mji huo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, na walichelewa.

Hata hivyo, matumizi pekee hayaozeshi samaki kabla ya jioni. Fundi wa waya aliye kando ya barabara alifungua boneti, akafuata waya mwekundu unaotoka betri kubwa ya injini kwenda ya nyuma, akakuta kishikio cha fyuzi kimeliwa na chumvi, unga wa kijani mtupu. Fyuzi yenyewe nzima, ila mguso hakuna: umeme haufiki nyuma. Alisugua kwa msasa, akabana terminali kwa spana namba 10, akapaka grisi. Kazi ya dakika kumi ambayo kampuni iliyoko pwani, penye hewa ya chumvi, ilipaswa kuifanya kila gari linaporudi.

Kabla ya kusaini, omba mita ya volti na upime kwenye betri ya nyuma. Injini ikiwa imezimwa kwa muda, 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki nusu. Washa injini, subiri dakika mbili tatu: lazima ipande hadi 13.8 au zaidi, mpaka 14.4. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi, waambie wakutafutie gari jingine. Wakikwambia mita hawana, ondoka.

Na upange siku kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi: huo ndio wakati wa kuzamia kwenye matumbawe ya Watamu. Adhuhuri nenda Gede, kwenye kivuli. Hori ya Mida, yenye mikoko, ifuate maji yakiwa yanajaa, kama saa nane, ndege wanaposukumwa kutoka kwenye matope kuja karibu na mikoko. Ukienda maji yakiwa yametoka utawaona kama nukta. Nguzo ya Vasco da Gama, Malindi, iache ya jioni, penye upepo. Samaki nunua hapo mwisho, si asubuhi, hata kama friji inafanya kazi.

Baada ya fundi, friji iligandisha hadi maji ya kunywa, na nilikaribia kuandika nyota nne. Kweli, gari ni zuri. Ningelikodi tena, ila kutoka kampuni nyingine. Lakini ofisi imegoma kurudisha pesa ya fundi, inasema "hamkuomba ruhusa ya kugusa waya", na sehemu ya amana imekatwa kwa "harufu ya samaki". Basi ni nyota mbili tu.