Panki ya mwanzo: mchango wake naukubali, sauti yake siipendi

Neno panki wengi wetu tunalijua kutoka kwa kinyozi. Hapa nauzungumzia muziki: ile roki fupi, ya kasi na yenye mkwaruzo iliyokomaa New York kwenye klabu ya CBGB, mtaa wa Bowery, ikalipuka Uingereza mwaka 1976. Rekodi zake za msingi nimezisikiliza kwa spika za mezani, kwa hedifoni na kwa spika ya simu, matoleo ya zamani na yaliyosafishwa upya. Nilichoamua ni hiki: historia yake siibishii hata kidogo, lakini sauti iliyomo ndani ya rekodi hizo inachosha masikio, na sababu za kuchosha huko zinaonekana ukizitafuta.

Anayesema haipendi panki hujibiwa kwamba hapendi kelele, au kwamba anadharau vijana waliokuwa hawajui kupiga vyombo. Jibu hilo halinigusi. Kupiga walijua vya kutosha kwa nyimbo walizozitunga, na kelele peke yake si kosa. Lawama yangu iko kwenye mpangilio wa vyombo na kwenye meza ya kuchanganyia sauti.

Chukua albamu ya kwanza ya Ramones, yenye jina la bendi yenyewe. Ilirekodiwa Februari 1976 katika studio ya Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall, New York, kwa takriban siku saba na dola 6,400 hivi. Nyimbo 14, dakika 29. Mtayarishaji Craig Leon na bendi waliamua kugawa sauti kama rekodi za stirio za miaka ya sitini: besi yote upande wa kushoto, gitaa lote upande wa kulia, ngoma na mwimbaji katikati. Kwenye spika mbili zilizo mbali nawe mita mbili au tatu, hewa ya chumba huchanganya pande hizo na mambo yanakwenda. Kwenye hedifoni hakuna hewa ya kuchanganya. Chomoa kipande cha kulia uone: gitaa linapotea karibu lote, unabaki na besi inayogonga noti zilezile, ngoma, na mwimbaji Joey Ramone akiimba kama aliyeachwa peke yake. Chomoa cha kushoto, besi nayo haipo. Kwa hiyo ukigawana hedifoni na mwenzako, kila mmoja anasikia nusu ya bendi.

Halafu kuna mkono wa mpiga gitaa Johnny Ramone. Aliupiga uzi kwa kushuka tu, hapandi, kwenye gitaa la Mosrite lililounganishwa na amplifaya ya Marshall. Wimbo wa kwanza wa albamu unakwenda karibu mapigo 175 kwa dakika, na kwa kila pigo mkono unashuka mara mbili, yaani karibu mara sita kwa sekunde, zote kwa nguvu ileile. Wapiga gitaa wanajua ugumu wa kazi hiyo, na nampa heshima yake. Lakini msikilizaji hapewi pa kupumzikia. Tena Johnny alikuwa analaza kidole juu ya nyuzi zote na kupiga kodi kamili, yaani noti ya msingi, ya tatu na ya tano za ngazi ya muziki kwa pamoja. Gitaa lenye mkwaruzo mkali likipiga noti ya msingi na ya tano tu, amplifaya huzaa sauti za ziada zinazopatana na hizo mbili. Ukiongeza ya tatu, zinazaliwa nyingine zisizopatana na chochote, na ndizo zinazosikika kama mchanga kwenye meno. Wapenzi wa Ramones wanasema mchanga huo ndio utamu wenyewe. Mimi nausikia, nauelewa, siutaki.

Aliyezoea muziki wa dansi atanielewa haraka. Pale gitaa la solo lina njia yake, la ridhim lina yake, besi inazunguka chini kwa hesabu yake, na ukitaka kumfuata mmoja unamfuata mpaka mwisho wa wimbo. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania zilipiga vyombo vyote kwa pamoja, bila anasa za studio za London, na bado kila chombo unakijua kilipo. Kwenye panki ya mwanzo besi inakanyaga noti ileile ya gitaa, kwa mwendo uleule wa gitaa. Vyombo viwili vinafanya kazi ya kimoja.

Hapa ndipo sikubaliani na utetezi wa kwamba hawakuwa na fedha. Mfano mzuri ni albamu ya bendi ya London, Sex Pistols, Never Mind the Bollocks, ya Oktoba 1977. Ilitengenezwa Wessex, studio nzuri ya kaskazini mwa London, chini ya Chris Thomas na fundi Bill Price, watu wa daraja la juu kabisa katika kazi hiyo. Steve Jones alirekodi gitaa juu ya gitaa juu ya gitaa, kisha karibu besi yote akaipiga yeye mwenyewe, akifuata noti za msingi za gitaa lake. Matokeo yake ni ukuta. Ukuta mnene, uliojengwa kwa ustadi, usio na dirisha. Dakika kumi za kwanza unasisimka. Ikifika upande wa pili wa santuri unatamani mtu azime. Miezi hiyohiyo, ndani ya jengo hilohilo, bendi ya Queen walikuwa wanarekodi albamu yao, na mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, amezungukwa na nafasi tele: mdundo unapigwa, kimya kinafuata, sauti inaingia. Studio ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni uamuzi.

The Clash, bendi nyingine ya London, walikwenda upande mwingine kabisa. Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa kwa wikendi tatu za Februari 1977 kwenye studio ya CBS, mtaa wa Whitfield, London, kwa pauni 4,000, na aliyewekwa kuisimamia ni Mickey Foote, fundi wao wa sauti za jukwaani. Imetoka nyembamba. Ngoma kubwa ya mguu inasikika kama mtu anayegonga boksi, besi imejificha, na magitaa mawili ya Joe Strummer na Mick Jones yanagombania sehemu moja na sauti za waimbaji. Maneno yake ni makali na yana maana, ila ukitaka kuyafuata itabidi uyasome. Wimbo mmoja tu unaonyesha kilichowezekana: ule walioazima kwa Junior Murvin wa Jamaika, wa dakika sita hivi. Mwendo umeshuka, magitaa yamepeana zamu, na ghafla besi ipo. Ilikuwepo siku zote, haikuwa na pa kukaa.

Ukitaka kuinunua, hesabu nyimbo kwanza. Toleo la Uingereza la 1977 lina nyimbo 14. La Marekani lilitoka 1979 likiwa na 15: baadhi ya za mwanzo zimeondolewa, zimewekwa nyimbo zilizotoka baadaye kama santuri ndogo. La Marekani lina nyimbo zilizorekodiwa vizuri zaidi, lakini sauti inaruka kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo utakuwa unashikashika kitufe cha sauti muda wote. Mimi ningechukua la Uingereza, kwa sababu ubovu wake angalau ni wa aina moja.

Mbaya kuliko zote kwa masikio yangu ni mzazi wa panki, Raw Power ya The Stooges, ya 1973. Hapa kuna mtego wa kweli kwa mnunuzi. Miksi (namna vyombo vilivyochanganywa) ya toleo la awali ilifanywa karibu yote na mwanamuziki David Bowie, na ina gitaa na mwimbaji mbele, besi na ngoma vimebaki mbali kama vinapigwa nyumba ya jirani. Mwaka 1997 Iggy Pop, mwimbaji wa The Stooges, aliichanganya upya, safari hii akisukuma kila kitu juu hadi mawimbi ya sauti yakakatika vichwa. Besi imerudi, ni kweli, lakini kila kitu kinachomeka kwa kiwango kimoja tangu sekunde ya kwanza. Usidhani ukiisikiliza Spotify utanufaika na ukubwa huo: programu huishusha ilingane na nyimbo nyingine, na kinachobaki ni ule ubapa. Angalia maelezo ya toleo kabla hujalipa. Likiandikwa 1997, hiyo ni miksi ya Iggy. La 2010 lilirudisha ya Bowie. Kati ya hizo mbili nachukua ya Bowie, kwa sababu kilichofifia unaweza kukiinua kidogo, lakini kilichokatika hakiungiki.

Rekodi moja naitoa kwenye lawama hizi, nayo ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu kuliko zote. Spiral Scratch ya Buzzcocks, nyimbo nne, ilirekodiwa Manchester tarehe 28 Desemba 1976 kwa pauni 500 za kukopa, wakaitoa wenyewe Januari 1977, nakala 1,000 za kwanza. Kwenye jalada wameandika kila wimbo ulipigwa mara ya ngapi ndipo ukakubaliwa, na kama kuna kilichoongezwa juu baadaye. Kijana yeyote akilisoma jalada hilo anajua kwamba santuri si muujiza wa makampuni. Hilo ndilo jambo kubwa panki ililolifanya, na santuri nyingi za kujitegemea zilizofuata zimetoka kwenye mlango huo. Mtayarishaji alikuwa Martin Hannett. Gitaa ni jembamba, lakini kuna hewa kati ya vyombo, na ile solo maarufu ya noti mbili tu unaisikia kama sindano kwa sababu hakuna kingine kilichoifunika. Mwaka 1979 Hannett huyohuyo aliwarekodi Joy Division, vijana wa Manchester ambao baadhi yao walikuwa ukumbini Lesser Free Trade Hall tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols walipopiga pale. Ukisikiliza ngoma za rekodi ile ya 1979, kila moja imesimama peke yake na kivuli chake nyuma. Watoto wa panki wana sauti ninayoipenda. Tatizo langu ni na wazazi.

Sasa, kama unataka kuwasikiliza wazazi hao bila kuumia, mambo yafuatayo yanasaidia.

Kwa Ramones, washa mono, yaani pande zote mbili zitoe sauti ileile moja. Kwenye simu nenda mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu, utakuta chaguo la sauti ya mono. Besi na gitaa vinasogea katikati, na kwa kuwa kila kimoja kilikuwa upande mmoja tu, vinapungua nguvu kidogo, mwimbaji na ngoma wanabaki mbele. Toleo la miaka 40, la 2016, lina pia miksi ya mono iliyofanywa makusudi, na hiyo ni bora kuliko kugandamiza stirio kwa simu. Ukimaliza kumbuka kuzima, la sivyo muziki mwingine wote utausikia umebanana.

Kwa Sex Pistols na Clash shika ikwalaiza, sehemu ya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba. Za baadhi ya simu za Android zina vitelezi vitano: 60, 230, 910, 3,600 na 14,000 Hz, namba ndogo zikiwa sauti nzito na kubwa zikiwa nyembamba. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya 2,000 na 5,000 Hz, na hapohapo ndipo mkwaruzo wa gitaa, matoazi na herufi kali za mwimbaji vimerundikana. Shusha kitelezi cha 3,600 kwa desibeli 3. Usizidishe: ukifika 5 au 6 maneno yanazama pamoja na gitaa, kwa kuwa yanaishi nyumba moja. Kwa Clash pandisha 230 kwa desibeli 2 ili besi ipate mwili. Kupandisha 60 ni kazi bure, kule chini hawakurekodi cha maana, utaongeza mvumo tu. Kwa Sex Pistols usiguse 230, tayari imejaa.

Sauti iwe ya wastani. Ikiwa chini sana sikio linapoteza besi kwanza, na rekodi ya Clash ambayo besi yake ni ya kutafuta inabaki miluzi. Ikiwa juu sana, ule ukuta wa Wessex unachosha ndani ya nyimbo tatu. Spika ya simu isahau kabisa.

Na usisikilize albamu nzima mfululizo. Watu wa wakati ule hawakufanya hivyo pia. Klabu ya Roxy, Covent Garden, ilipokuwa makao ya panki ya London mwanzoni mwa 1977, santuri za panki zilikuwa za kuhesabika, hivyo DJ Don Letts alijaza muda kati ya bendi na bendi kwa rege na dabu, ile rege iliyochanganywa upya ikaacha besi na ngoma mbele. Fanya vivyo hivyo: nyimbo nne za Ramones, kisha dabu moja ndefu ya King Tubby, fundi wa sauti wa Jamaika, yenye besi tele na gitaa linalogusa na kuondoka, kisha nyimbo nne nyingine. Masikio yanapumzika palepale yalipokuwa yanapigwa.