Mafundi bustani waliotuokolea kiwanja cha mteremko: tathmini baada ya masika mawili

Kiwanja chetu cha Goba, Dar es Salaam, kinashuka karibu mita tatu kutoka getini hadi uzio wa nyuma, na kwa miaka minne kila masika yalipokwisha tulikuta korongo jipya kando ya jiko, mawe ya msingi yakiwa wazi, na udongo wetu umelala uani kwa jirani wa chini. Kabla ya mafundi hawa tulikwishamlipa fundi mwingine shilingi milioni 3.8 kujenga ukuta mrefu wa tofali, ambao haukuachiwa hata tundu moja la kupitishia maji, na ukaanguka katika masika ya pili kwa sababu maji yalijaa nyuma yake yakakosa pa kutokea.

Kilichonifanya niwaamini mafundi hawa ni kwamba siku ya kwanza hawakugusa jembe. Walizunguka nyumba wakiwa na mpira wa maji, ule unaotumika kupima usawa wa msingi, kisha wakatuonyesha kuwa korongo halianzii ardhini bali linaanzia juu ya bati. Paa letu lina mita za mraba 160, kwa hiyo mvua ya milimita 50 huteremsha lita 8,000, na zote zilikuwa zikimwagika mahali pamoja. Wakafunga gata pande zote na kuelekeza maji kwenye tangi la lita 5,000, na yanayozidi hupita katika bomba la inchi 4 hadi kwenye shimo lililojazwa mawe, mita sita kutoka ukutani, ili yanywe ardhini mbali na msingi. Kazi hii haipendezi macho kama maua, lakini ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Mteremko wenyewe waliukata ngazi tatu, kila moja ikiwa na kingo ya mawe ya nusu mita yaliyopangwa bila saruji, kwa kuwa maji hupenya katikati ya mawe bila kuyasukuma. Juu ya kila ngazi walichimba mtaro mwembamba unaofuata usawa wa ardhi na kutupa udongo upande wa juu, mtindo uleule wa fanya juu ambao wakulima wa Machakos, Kenya, wameutumia kwa miaka mingi kwenye mashamba ya milimani, na juu ya tuta hilo wakapanda vetiva kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Mizizi ya nyasi hii hushuka wima na inaweza kufika mita tatu, nayo haitambai bustanini kama ukoka. Mashina yakishakutana huwa kama chujio: maji hupita polepole, udongo hubaki.

Zipo kasoro ambazo mteja anayefikiria kuwaita anapaswa kuzijua. Vetiva waliipanda mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, bila kutueleza kwamba ingehitaji kumwagiliwa kila siku, na karibu theluthi moja ya miche ikakauka. Waliirudishia bila malipo, ila baada ya kupigiwa simu mara tatu. Pia tofali za maegesho walizilaza zikiinama kuelekea nyumbani. Nilisisitiza zing'olewe, na fundi mkuu alikubali kosa na kuzilaza upya kwa mwinamo wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea nje, jambo ambalo lingepaswa kufanyika tangu mwanzo. Gharama yote ilifika milioni 6.2, nusu ikilipwa kabla ya kazi.

Masika mawili yamepita. Korongo limefukika, msingi umefunikwa kwa udongo na majani, na jirani yetu, ambaye tulikuwa tukimwomba radhi kila Mei, amewaita mafundi haohao. Kila baada ya miezi michache tunasafisha gata na kukata vetiva hadi kimo cha goti, na majani tuliyokata tunayatandaza chini ya migomba.

Kwa wenye viwanja vya mteremko ninawapendekeza bila wasiwasi. Kwa anayeishi bondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu na uso, nisingeshauri alipie shimo la mawe, kwa sababu wakati wa masika litajaa lenyewe kutoka chini. Huko ni bora fedha ziende kwenye kuinua sakafu na kuunganisha mtaro wa nyumba na ule wa barabarani.