Ruzuku ya TASAF au mkopo wa halmashauri?

Mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, una akina mama wa aina mbili: wenye mtaji wa kununua dagaa, na wanaoanika dagaa wa wenzao kwa ujira wa siku. Serikali ina mlango kwa kila mmoja.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii ulioanza mwaka 2000, tangu 2012 inazipa kaya maskini sana ruzuku isiyorudishwa. Majina hupitishwa na mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji, na sehemu ya fedha hutegemea watoto kwenda shule na kliniki. Ni kidogo, kweli. Lakini ziwa linapofungwa kupumzisha samaki, kama mwaka 2024, kidogo hicho ndicho unga wa ugali.

Mkopo wa halmashauri hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa 2023, ukarejea 2024. Unataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi. Na hapo ndipo mwanika dagaa asiyejua kusoma anapobaki nje. Isitoshe, deni halijui kwamba ziwa limefungwa.

Kwa mchuuzi mwenye meza tayari, ningesema mkopo, bila kusita. Kwa asiye na akiba ya wiki moja, mkopo ni mzigo. Aanze na ruzuku, akijaliwa aingie kwenye kikundi cha hisa cha majirani, cha kuweka akiba na kukopeshana.