Anki kwa msamiati wa Kijapani: uzuri wake uko kwenye matayarisho

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kijapani hasumbuliwi sana na matamshi, kwa kuwa silabi za lugha hiyo karibu zote huishia na irabu kama zetu; kinachomtoa jasho ni maandishi. "Hashi" ni daraja, na "hashi" ni vijiti vya kulia, kama paa la nyumba na paa wa porini, ila Mjapani la kwanza huliandika 橋 na la pili 箸. Kadi yenye neno upande mmoja na maana upande wa pili haimfai mtu hapo. Anki, programu ya kadi za kukariri ya Damien Elmes iliyotoka mwaka 2006 na ambayo jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri, inafaa kwa sababu humwachia mwanafunzi aipange kadi atakavyo.

Unachoandika ni maelezo ya neno katika sehemu mbalimbali, yaani kanji (herufi zenye maana, kama 橋), maana, sentensi na sauti, kisha programu huyatumia kutengeneza kadi moja au zaidi. Ukiandika 食べ物[たべもの] na kuongeza agizo la "furigana" kwenye kiolezo, yaani muundo wa kadi, hiragana (herufi zinazoonyesha matamshi) hukaa juu ya kanji kwa herufi ndogo. Mimi nimeiweka upande wa nyuma tu, kwa sababu ikiwa mbele jicho hukimbilia hiragana na kanji haijifunzwi kamwe.

Idadi ya kadi mpya huja ikiwa 20 kwa siku, nami niliiacha hivyo kwa tamaa. Kabla ya mwezi kwisha marudio, yaani kadi za zamani za kupitia tena, yalikuwa yamepita 150 kila asubuhi, nikaanza kuyakwepa. Sasa natumia 8. Nimewasha pia FSRS, njia ya kupanga marudio iliyoongezwa mwaka 2023, ambayo hukadiria siku ya kurudia kila kadi kwa kufuata kumbukumbu ya mtumiaji mwenyewe.

Sura ya programu ni kavu, na mipangilio yake ni mingi kiasi cha kumtisha mgeni. Kwenye kompyuta ni ya bure, na AnkiDroid, inayotengenezwa na watu wanaojitolea, ni ya bure kwenye simu za Android. Ya iPhone hulipiwa takriban dola 25 mara moja tu. Asiyetaka kuzitoa anaweza kurudia kadi zake kwenye tovuti ya AnkiWeb, mradi awe na intaneti.