Adidas Copa Mundial kwa kiungo anayeanza kazi: ngozi safi, soli yenye masharti

Winga anatafuta daluga nyepesi. Kiungo, awe namba sita au namba nane, anatafuta mambo mengine mawili: mguu uusikie mpira anapoupokea huku anageuka, na meno ya soli yasing'ang'anie ardhi anapozunguka. Kwa hayo mawili Copa Mundial bado ni kiatu kizuri sana kwa kijana aliyesaini mkataba wake wa kwanza, ingawa kilitoka mwaka 1979 kwa maandalizi ya Kombe la Dunia la 1982 kule Hispania.

Siri iko kwenye ngozi ya mbele. Kwa miaka mingi imekuwa ya kangaruu, nyembamba lakini ngumu kuchanika, na ndiyo inayofanya pasi ya ndani ya mguu itoke bila kudunda. Mishono inayopita juu ya vidole si mapambo, inazuia ngozi isitanuke ovyo. Nike na Puma walitangaza mwaka 2023 kuachana na ngozi ya kangaruu, na Adidas nao wakafuata, hivyo soma maelezo ya bidhaa kabla ya kulipa. Usidhani kila jozi ni ileile ya zamani.

Uzito ndio kasoro ya kwanza. Daluga ya kisasa ya kasi ina gramu 200 hivi, hii inavuka hapo kwa mbali. Kiungo mchezeshaji hatateseka. Anayetegemea kukimbia nyuma ya mabeki ataona tofauti dakika za mwisho.

Kwenye saizi ndipo vijana wengi wanaharibikiwa. Pima jioni, mguu ukiwa umetanuka, na uvae soksi za mechi. Simama juu ya karatasi, chora miguu yote miwili, fuata ule mrefu. Kwenye lebo ya Adidas, sentimita 26.5 ni UK 8, yaani 42 ya Ulaya. Acha milimita 5 hivi mbele ya kidole kirefu, basi. Ngozi hii hutanuka kwa upana, haiongezeki urefu, kwa hiyo kiatu kinachobana kidogo pembeni siku ya kwanza kitakaa sawa, ila kinachogusa kucha hakitabadilika. Kununua saizi moja zaidi "ili kidumu" ni kosa la gharama: mguu unateleza ndani, kisigino kinatoka malengelenge, na kila ukisimama ghafla kucha inagonga mbele mpaka inaweka damu.

Kiatu kipya usikiingize kwenye mechi. Kivae nyumbani dakika 20 na soksi zenye unyevu kidogo, kisha kwenye pasi fupi, kisha nusu ya mazoezi. Kikishakunjika kwa urahisi pale vidole vinapoanzia, kiko tayari. Usikiloweke kwenye maji ya moto ili kilainike haraka, yanakausha ngozi na kulegeza gundi. Kikilowa, toa soli ya ndani kama inatoka, jaza magazeti, weka kivulini. Jua la saa sita linaiacha ngozi kavu kama ubao, kisha inapasuka kwenye mikunjo.

Sasa soli. Ina meno 12 ya duara, yasiyofunguliwa, na imetengenezwa kwa nyasi za asili zilizokauka vizuri. Umbo la duara linaruhusu mguu kuzunguka, jambo jema kwa goti la kiungo. Kwenye changarawe meno yanalika haraka, na kwa kuwa hayabadilishwi, yakiisha ndiyo basi. Ardhi ngumu pia inasukuma kila jino juu kwenye unyayo, na maumivu ya mifupa ya mbele ya mguu huanzia hapo. Kwa viwanja hivyo chukua ndugu yake, Mundial Team, yenye vijino vingi vifupi vya mpira. Hiyo inafaa pia kwa mazoezi ya mara kwa mara kwenye nyasi bandia, kama za viwanja vya Nyamagana (Mwanza) au Kaitaba (Bukoba). Uwanja ukiwa tope, meno 12 mafupi yanateleza, hapo ndipo panapohitajika toleo la World Cup, lenye meno 6 ya kufunga kwa skrubu. Klabu nyingi hazimpi kijana viatu vitatu, hivyo anza na kile kinacholingana na uwanja wa mazoezi, maana huko ndiko unakoishi.

Soli ikianza kuachia mbele, mpelekee fundi mapema aibandike kwa gundi ya viatu na kuishona kwa uzi wa nailoni. Supaglu inakauka ngumu na kukatika kiatu kinapokunjika.

Wanaonunua mitumba, kwenye masoko kama Karume (Dar es Salaam) au Gikomba (Nairobi), wawe makini na jambo moja. Soli hii ni ya poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani huzeeka hata bila kuvaliwa, hasa kwenye joto na unyevu kama wa pwani. Kunja kiatu, kisha bonyeza ukucha pembeni mwa soli. Ikibaki alama au ikimeguka vumbi, rudisha mezani hata kama ngozi inang'aa. Halafu angalia lebo ya ndani: toleo la kawaida lina namba 015110. Lebo ikiwa na maandishi yanayofutika kwa kidole, usitoe hela.