Darasa la likizo la miradi ya lugha hapa Amu, nimepeleka wawili haya ndo niliyoyaona

Haya wazazi wenzangu wa Amu, yaani Lamu, na wa Shela, kila likizo ikikaribia swali ni lile lile kwenye grupu, mtoto apelekwe wapi asishinde na simu toka alfajiri, basi na mimi nasema langu kuhusu lile darasa la miradi ya lugha na fasihi linalofanyika darini kule Mkomani, wenye watoto wakubwa mshalisikia. Jina siweki, mana nina mazuri na nina malalamiko pia na sitaki kesi za mtaani. Nilipeleka wawili likizo ya Agosti, binti yuko fomu tatu na mdogo wake wa kiume gredi ya 8, na hawa wawili ni mbingu na ardhi, mmoja asoma mpaka karatasi ya kufungia mahamri, mwengine ukimpa kalamu ni kama umempa adhabu.

Kwanza mjue si tuisheni. Hamna marudio ya karatasi za miaka iliyopita, hamna kukaririshwa nahau kumi kwa siku. Kundi hupewa mradi, na mradi lazima utoe kitu ambacho mtu asiyekuwa mwalimu atakisoma au atakisikia, iwe kijitabu, mchezo wa kuigiza, gazeti la ukutani, mahojiano ya kurekodi. Asubuhi saa mbili mpaka saa sita, mana baada ya adhuhuri wengi wana chuo cha Kurani, hilo wamelipanga vizuri kuliko hata shule zengine. Ada ilikuwa elfu tatu kwa mtoto, wa pili wakanipunguzia baada ya kuvutana kidogo.

Sasa mradi ulionifanya nikae niandike haya yote ni ule wa kijijini Matondoni. Walichukua kundi la vijana, wengi wavulana wa gredi ya 8 na ya 9 wale wasiotaka kushika kitabu, wakawapeleka kwa mashua hadi kwa fundi wa majahazi, kila mmoja ameandika maswali yake mapema na ameambiwa swali la kujibiwa ndiyo au la halikubaliwi. Wakarekodi kwa simu. Mimi nikadhani hapo ndo mwisho, matembezi mazuri, picha za kupeleka status, wamerudi. Kumbe kazi ndo yaanza, mana kesho yake kila mtu alipewa kipande chake cha sauti ayaandike maneno ya mzee kama yalivyo, na dakika mbili za mzee akizungumza zilimla mwanangu asubuhi nzima. Mzee hapumui jamani! Anza jahazi, ingia mbao, toka mbao ingia bei ya mbao, rudi kwa babake, sasa kituo wakiweka wapi? Mkato wapi? Nukta mkato ile ambayo shuleni mtoto hufundishwa mwaka baada ya mwaka na haitumii, siku ile mwanangu aliitafuta mwenyewe kwa shida zake, akaja nyumbani kuniuliza, nikamwambia muulize dadako.

Baada ya hapo wakatengeneza kamusi ya picha, jahazi limechorwa kubwa na kila sehemu na jina lake na maelezo, omo, tezi, mlingoti, foromali (ule mti wa kufungia tanga), tanga, na chini yake sentensi kutoka kinywani mwa fundi. Mwalimu akawaletea na utenzi wa marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, Sambo ya Kiwandeo, ule wa uundaji wa jahazi uliochapishwa Leiden kule Uholanzi mwaka 1979, wakawa wasoma beti wakilinganisha na waliyoyarekodi, hili fundi alilitaja, hili hakulitaja, hili kwa nini huku lina jina jengine. Yaani mtoto ambaye shairi kwake lilikuwa ni la kuhesabiwa vina basi, sasa asoma shairi akitafuta habari ndani yake. Hiyo mimi sijaiona popote.

Mwalimu aliwaambia kitu hiki hakukibuni yeye. Kule Marekani, jimbo la Georgia, mwaka 1966 wanafunzi wa sekondari wa Rabun Gap walianza gazeti lao wakaliita Foxfire, wakawa wawahoji wazee wa milimani kwao, vipi hujengwa nyumba ya magogo, vipi huhifadhiwa nyama, na mwaka 1972 makala yale yakatoka kitabu kikasomwa nchi nzima. Mwanangu alikuja na habari hiyo nyumbani akiwa ameinua kichwa, ati na wao watachapisha. Nikamwambia inshaallah, maliza kwanza wali wako.

Faida ya pili ya mtindo huu nataka niiseme mana wazazi wengi twalia nayo. Siku hizi insha yaandikwa na akili mnemba, mtoto aweka kichwa cha insha kwenye simu na insha yaja imenyooka mpaka yatisha. Hapa haikuwa rahisi, kwa sababu kila kazi yaanzia kwenye kitu ambacho hakiko kwenye intaneti, sauti ya fundi wa Matondoni, wimbo wa harusi ambao bibi yako aujua, kitendawili cha jirani. Programu itakuandikia nini juu ya bibi yako? Na hawakupigwa marufuku simu wala, simu ndo chombo chenyewe cha kurekodia.

Tuje kwa binti. Kundi lake lilisoma Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858, beti 102 za wosia wa dini na wa kumtunza mume, na hapa Lamu sote tumelelewa nao ukipenda usipende. Kazi waliyopewa ni kumfanya Mwana Hashima amjibu mamake, kwa utendi vile vile. Si kwa insha, kwa utendi, vipande vinne kila ubeti, mizani (silabi) 8 kila kipande, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kibebe kina ambacho hakibadiliki mpaka ubeti wa mwisho. Wasichana wakakaa wakipiga makofi wahesabu mizani, nyumba nzima ikawa pa pa pa. Huu ni wake, ameniruhusu niuweke:

Mama wosia najua
neno neno nachambua
swali moja lasumbua
mume naye asomeni?

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bibi yake, yaani mamangu, ambaye ule wa asili aujua kwa moyo toka usichana wake, alisikiliza zote kimya, kisha akasema mjukuu wangu ubeti wa tano umepunguza mzani mmoja, rudi. Akahesabu kwa vidole na kweli ulipungua. Kuhusu mume hakusema kitu.

Lakini angalieni kazi ile ilivyomfundisha. Huwezi kumjibu mtu ambaye hujamsoma. Ilibidi arudi kwenye beti za asili, huyu mama ataka nini hasa, aogopa nini, kwa nini asema hivi na yeye mwenyewe yuko kitandani mgonjwa, na hayo ndo maswali ambayo karatasi ya 3 ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ile ya fasihi yenye alama 80, humuuliza mwanafunzi, ila huko yeye huyaona kama mitego. Mara ngapi nimemsikia akikariri dhamira, maudhui, mbinu za lugha, kama orodha ya duka. Safari hii alikuwa akibishana na mshairi, hata mezani.

Na la Kiamu, lahaja yetu ya hapa. Mwanangu wa kiume huandika anavyozungumza, njia ni ndia, macho ni mato, na shuleni daftari hurudi jekundu mpaka akaona lugha ya kwao ni kosa. Hapa wana kanuni nyepesi, ndani ya ushairi, mazungumzo ya mchezo na maneno ya waliohojiwa Kiamu kikae kama kilivyo, kwenye insha, ripoti na barua ni Kiswahili sanifu, na mtoto hupewa aya yake mwenyewe aihamishe kutoka huku kwenda huku. Basi. Hakuna kumtukana mtu lugha ya mamake. Sasa hivi makosa yale yamepungua, hayajaisha.

Haya malalamiko. Vikundi vya kusoma riwaya havikunipendeza. Wamechukua ule mtindo ambapo kila mtoto kwenye kundi hupewa jukumu na karatasi yake ya kujaza, huyu wa maswali, huyu wa maneno magumu, huyu afupisha, huyu achora. Si mbaya, siku za mwanzo yasaidia wale waoga. Lakini likizo nzima wajaza karatasi? Binti alisema ikafika mahali kila mtu asoma kurasa za kutafuta kitu cha kujazia tu, akishapata afunga kitabu. Nikaingia Google usiku, nikakuta mtindo huu ulivumishwa zaidi na mwalimu Mmarekani wa Chicago, Harvey Daniels, kwa kitabu chake cha 1994, na yeye mwenyewe baadaye alikuja akaonya kwamba zile karatasi zikikaa sana huua mazungumzo, ziwe za kuanzia kisha ziondoke. Nikamtumia mwalimu. Alijibu "shukran mama, tutaliangalia". Twangoja.

Pili, kazi za kundi. Gazeti la ukutani wameandika watu watatu, wengine walikuwa wapaka rangi herufi za kichwa cha gazeti toka asubuhi mpaka wapewe ruhusa. Kule Matondoni halikutokea hili kwa sababu kila mtu alikuwa na kipande chake cha sauti na asipokiandika pengo laonekana wazi. Si wafanye hivyo hivyo kwenye gazeti? Kila mtu na safu yake, jina lake chini. Tena gazeti lenyewe lilikuwa na mdahalo mzuri wa bodaboda na mji wa kale, wale wanaosema pikipiki zituachie vichochoro vyetu na punda wetu, na wale wanaosema mgonjwa hawezi kungoja punda, hoja za kweli kabisa, ila zimeandikwa na wale wale watatu.

Marekebisho nayo huchelewa. Binti alipata rasimu yake ya pili ikiwa na alama za kalamu siku ya kufunga, sasa ataandika ya tatu saa ngapi? Upande wa Kiingereza ni dhaifu mno, walisoma hadithi fupi moja wakachora bango, yakaisha. Na kule juu ni joto, feni ni moja na iko upande wa mwalimu, stima ikipotea hata hiyo hamna. Kijitabu cha jahazi kilipigwa fotokopi hafifu mpaka foromali yaonekana kama uzi, na kazi ile ilistahili karatasi bora, hata tungechangishwa tungetoa.

Alama je, mana najua ndo mnalosubiri. Binti alipanda kidogo kwenye insha muhula uliofuata, karatasi ya lugha ilibaki pale pale. Kama mtoto wako ako fomu four na wataka gredi ipande kabla ya Novemba, mpeleke kwenye marudio, huku hapatakufaa, ntakuwa nakudanganya. Lakini kama yuko gredi ya 7 mpaka fomu tatu, hasa yule mvulana ambaye hufungui kitabu naye mpaka mgombane, mpeleke huku na uhakikishe anaingia kundi la kurekodi, si la gazeti. Waambie wazi siku ya kuandikisha, wasipokuuliza wewe sema.

Likizo ya Desemba wataanza tena, nimesikia safari hii ni nyimbo za harusi na vitendawili, kwa hivyo bibi zenu waandaliwe. Nafasi hujaa haraka mana chumba ni kidogo. Mpe mtoto maji ya kunywa, simu iliyojaa chaji na daftari kubwa la mistari ununue mwenyewe madukani, ya kwao wauza ghali bila sababu. Na ombeni risiti.