Uzoefu wangu: fundi mageti aliyetutengenezea michezo ya watoto kwenye bustani ya mtaa

Wazazi wengi hapa Dar es Salaam huuliza nani anaweza kutengeneza bembea na mtelezo vilivyooza kwenye viwanja vya mitaa. Sisi huku Msasani tuliipa kazi karakana ya kawaida ya kuchomelea, wale wanaotengeneza mageti na grili za madirisha. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaieleza.

Kwanza niseme kilichonifanya niwaamini. Kamati ya mtaa ilikwenda pale na wazo moja tu: rangi. Watu walitaka bembea ing'ae, mwenyekiti apige picha na wafadhili. Fundi akaja na nyundo, akaanza kugonga miguu ya bembea pale inapoingia ardhini. Mguu wa kwanza ulilia vizuri. Wa pili nyundo ikazama. Juu bomba lilikuwa zima kabisa, lakini chini, mahali maji ya mvua hutuama, kutu ilikuwa imekwisha kulila kwa ndani. Kisha akapanda juu, akafungua pete iliyoshika mnyororo na kuniwekea kiganjani. Upande mmoja ulikuwa bado mnene, na ule uliokuwa ukisuguana ulikuwa umebaki mwembamba kama msumari wa inchi mbili. Watoto wetu walikuwa wakibembea hapo kila jioni. Akatuambia rangi ni ya mwisho, na fedha zikiisha kabla ya rangi, basi ziishe. Kwa kauli hiyo tu anastahili kazi.

Miguu mibovu ilikatwa, yakaungwa mabomba ya maji ya mabati, yale yaliyopakwa zinki kiwandani. Hapa karibu na bahari bomba jeusi, lisilopakwa zinki, halidumu, upepo wa chumvi hulimaliza. Moto wa kuchomelea huunguza ile zinki, kwa hiyo kila kiungio kilisuguliwa kwa brashi ya waya na kupigwa praima ya zinki, yaani rangi ya msingi, upya. Simamieni hapo wenyewe, maana ni hatua ambayo mafundi wengi huiruka na rangi ikishapita juu huwezi kujua. Zege ya miguu ilizikwa chini kabisa, isitokeze kichwa pale mtoto anapoangukia.

Viti vya mbao viliondolewa. Ubao mzito ukirudi kwa kasi na kumpiga mtoto anayekatiza, humpasua uso. Tukafunga viti vya mpira laini, viwili tu kwa kila fremu. Zamani vilikuwa vitatu, na yule wa katikati hana pa kushukia bila kugongwa. Kwenye ngazi ya mtelezo fundi alipita na futi kamba: uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 ni wa hatari, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo hupenya na kichwa hukwama. Sehemu kadhaa ziliongezewa nondo.

Mtelezo wetu ni wa bati, na ukichomwa na jua la saa nane mchana huunguza mapaja. Wapo waliotaka ugeuzwe tu uelekee upande mwingine. Lakini Dar jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Kuugeuza kusingesaidia kitu. Ukahamishiwa chini ya mti wa mkungu, na sasa hata mchana unatumika.

Fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye mchanga, na huko ndiko kulikotuletea ugomvi kwenye kikao. Chini palikuwa na udongo mgumu uliokanyagwa miaka na miaka. Viwango vya Ulaya vya viwanja vya watoto vinataka sentimita 20 za mchanga mlegevu kwa mtoto anayeweza kuanguka kutoka hadi mita 2, na nyingine 10 juu yake kwa kuwa miguu huusukuma pembeni. Tuliweka hizo 30 zote. Tulikataa mchanga wa pwani, una chumvi, utakula mabomba tuliyoyagharamia. Kama mna fedha ya kitu kimoja tu, jamani, anzeni na mchanga. Bembea mpya juu ya sakafu ngumu bado huvunja mikono.

Matairi ya zamani tuliyabakiza machache. Yalitobolewa chini ili maji yasisimame, kwani mbu wa dengi huzaliana humo, na mji huu ulikumbwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Yaliyoanza kutoa nyaya yalitupwa. Rangi tulinunua wenyewe, iliyoandikwa kwenye kopo kuwa haina madini ya risasi. Watoto hulamba na kubandua rangi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kilicho salama.

Sasa ile nyota. Walichelewa sana, kwa sababu oda za mageti zilipewa nafasi ya kwanza. Pia mnyororo wa kwanza waliouleta ulikuwa na macho mapana, kidole cha mtoto kinaingia na kunaswa. Tuliukataa wakabadilisha bila maneno, ila wangeujua wenyewe. Na bolti za ubao wa kupanda na kushuka ziliachwa zimechomoza, tukawarudisha waje na grenda wazikate na kuzifunika.

Mkiwapa kazi, andikianeni tarehe ya kumaliza, bakizeni sehemu ya malipo mpaka mtakapokagua kila bolti kwa mkono, na muweke ndani ya bei ziara moja ya kukaza nati na kutia grisi baada ya masika. Kwetu walikuja kama walivyoahidi. Msiwafuate karibu na Idi au Krismasi, wakati huo hawapokei kazi yoyote isiyo geti.